Frieren na swali tulilochelewa kuuliza

Himmel anakufa katika sehemu ya kwanza kabisa ya Frieren, anime (katuni ya Kijapani), hata hujamzoea. Mji umetoka kumzika, maana ndiye shujaa aliyemwangusha Mfalme wa Mapepo na kuwarudishia watu amani. Wenzake watatu wa safari wamesimama kando ya kaburi. Watu wanamwangalia mmoja wao, Frieren, binti mwenye nywele nyeupe na masikio marefu, wananong'onezana: huyu mbona hana hata chozi? Udongo unaanza kuangukia jeneza. Hapo uso unamkunjika. Anasema alijua fika kwamba maisha ya binadamu ni mafupi. Kwa nini basi hakujitahidi kumjua yule mtu? Analia kama mtoto, na mwenzake mzee anamwekea mkono kichwani.

Nilisimamisha video hapohapo. Ilikuwa saa saba usiku, mwanzoni mwa 2024, simu nimeiegemeza kwenye mto, bando limebaki kidogo. Sikulia. Nilikaa nikiutazama ule uso kwenye kioo, kwa sababu swali lile ni langu. Miaka mitano kabla ya usiku huo nilisimama kwenye kaburi moja Muheza, udongo mkononi, nikajiuliza hivyo hivyo. Mimi sikulitamka.

Kwa Kijapani anime hii inaitwa Sousou no Frieren. Ilianza mwaka 2020 kama manga (hadithi ya picha) ya mwandishi Kanehito Yamada na mchoraji Tsukasa Abe katika jarida la Weekly Shonen Sunday. Studio ya Madhouse ikaigeuza anime, mwongozaji akiwa Keiichiro Saito, na tarehe 29 Septemba 2023 kituo cha Nippon TV kikarusha sehemu nne za mwanzo kwa mkupuo, katika ule muda wa Ijumaa usiku ambao huwa ni wa filamu. Walifanya vizuri. Ukiikata hadithi hii mapema unaweza kudhani ni ya vita na mapepo, kumbe vita vimekwisha kabla hatujafika. Safari ya miaka kumi imeisha, mashujaa wanne wanarudi nyumbani kwenye gari la farasi, na ndiyo kwanza tunaanza.

Neno sousou linanipendeza kuliko jina lenyewe. Maana yake ni kumpeleka marehemu makaburini, kumuaga. Kiswahili kina neno lake tayari: kusindikiza. Mgeni akiondoka kwako humwachi mlangoni, unamtoa mpaka njia panda, mnaongea yale ambayo hamkuyaongea mkiwa mmeketi. Na maiti tunasema tunamsindikiza. Frieren kwa mapepo ni jina la kutisha, kwa sababu hakuna mchawi aliyeyazika mapepo mengi kama yeye. Kwa rafiki zake ni yule atakayewasindikiza wote, mmoja mmoja, kisha arudi peke yake kutoka njia panda.

Maana yeye ni elfi, jamii inayoishi maelfu ya miaka. Tunapokutana naye ameshapita elfu moja. Himmel ni binadamu. Heiter, kasisi mpenda pombe, ni binadamu. Eisen, mpiganaji wa shoka, ni mbilikimo, naye ataishi sana lakini si kama Frieren. Usiku wa kurudi kwao wanatazama vimondo ambavyo huonekana mara moja kila miaka 50. Frieren anawaambia anapajua mahali panapoonekana vizuri zaidi, mara ijayo atawapeleka. Anasema hivyo kama mtu anayesema tuonane Jumamosi. Himmel anacheka kidogo, anakubali. Frieren anaondoka zake kutafuta vitabu vya uchawi.

(Hapa Kiswahili kinanibana. Kwetu ukisema fulani ni mchawi umemmaliza; huyo ni mtu wa usiku na wivu, anaroga. Uchawi wa Frieren ni fani, unasomwa vitabuni na kufundishwa na mwalimu kwa mwanafunzi. Nalitumia neno hilohilo, msomaji atanielewa.)

Miaka 50 inapita kwa dakika chache za picha. Anarudi na kumkuta Himmel amekuwa kizee kifupi chenye upara na ndevu nyeupe. Yeye hajabadilika hata ukucha. Na hiki ndicho kipande kilichonikamata koo: Frieren amekuja kuchukua pembe la joka alilomwachia Himmel zamani, mzigo tu, alitaka pa kuuweka. Pembe lenyewe lina nuksi, linatoa moshi mbaya. Himmel amelitunza kabatini nusu karne. Kwake ilikuwa amana ya mwenzake, na mwenye nayo alikuwa hajarudi. Frieren anashangaa, alidhani lingekuwa limetupwa stoo. Wanakwenda wote wanne kuvitazama vile vimondo, mwendo wa wiki moja hivi, Himmel akitembea na kutabasamu njia nzima. Muda si mrefu baadaye anafariki.

Sasa nimtaje wangu.

Tulikuwa wanne bwenini, shule moja ya sekondari mkoani Morogoro. Tulikula sahani moja, tukafua kwa ndoo moja, na kufuli la tranka langu lilikuwa na funguo nne. Mmoja wetu aliitwa Doto. Ni jina la kawaida, darasani kwetu walikuwamo wawili. Kila Mtanzania anajua kwamba pacha wa kwanza kutoka huitwa Kulwa na wa pili Doto. Nilimwita jina hilo miaka minne, asubuhi mpaka usiku wa prepo, na wala sikuwahi kumwuliza Kulwa yuko wapi. Hakuna aliyemwuliza. Tulijua timu yake, tulijua anaogopa hesabu, tulijua akikoroma anageuzwa ubavu. Tukidhani tunamjua.

Doto alikuwa na ujuzi mmoja usio na faida. Alimenya chungwa kwa kisu, kuanzia kikonyo mpaka kitako, ganda lisikatike hata mara moja. Unajua wale wauza machungwa wa mikokoteni wanavyomenya: haraka, ganda linaanguka vipande vipande kwenye ndoo. Doto alikwenda taratibu, kidole gumba kikisukuma tunda kwenye makali, kisu chenyewe kikiwa kimetulia. Ganda lilishuka kama utepe. Akimaliza halitupi, analitundika kwenye chuma cha kitanda chake cha juu. Wakati mwingine yalining'inia matano, sita, yamekauka na kujikunja. Tukasema ni ya kuchoma kufukuzia mbu, maana watu hufanya hivyo. Naye hakutusahihisha.

Alitufundisha wote watatu. Mimi nilichukua karibu muhula mzima.

Aliugua siku kumi na moja, mwaka 2019. Nilipata basi la alfajiri kutoka Dar, nikafika Muheza adhuhuri, jeneza limeshatoka. Makaburi yako pembeni ya shamba la michungwa. Wakati wa kushusha, mzee mmoja, nadhani ni baba yake mdogo, aliwaambia vijana waliokuwa ndani ya shimo: mlazeni vizuri, huyo upande wa kulia ni Kulwa wake. Nikageuka. Palikuwa na kaburi dogo sana, la zamani, limezungushiwa mawe ambayo nyasi zimeyafunika nusu. Kaburi la mtoto wa miaka minne au mitano.

Hivyo ndivyo nilivyopata jibu la swali ambalo sikuliuliza.

Ndiyo maana machozi ya Frieren niliyaelewa vingine kuliko nilivyozoea kuona kwenye filamu. Hasemi nilimpenda. Hasemi sitaweza kuishi bila yeye. Anasema sikumjua, na nilikuwa naye. Sijaona hadithi nyingine ya kubuni iliyoshika jambo hilo kwa mikono miwili namna hii. Msiba wa mtu uliyemjua vizuri una mahali pa kuukalia, unayo ya kusimulia. Msiba wa mtu uliyeketi naye sahani moja ukamwacha apite una aibu ndani yake, na aibu haikai vizuri na pole.

Frieren anafanya nini basi? Anairudia njia. Anaanza tena safari ileile ya zamani, safari hii na Fern, yatima wa vita aliyelelewa na Heiter, na baadaye Stark, mwanafunzi wa Eisen. Kijiji kwa kijiji anakuta sanamu za Himmel. Ni nyingi, maana Himmel alipenda kuchongwa, akikaa mkao huu na ule mpaka wachongaji wanachoka. Tunadhani ni majivuno, na kwa sehemu ni kweli. Kisha inaonyeshwa siku Frieren alipomwuliza sababu. Akajibu kwamba wanataka kukumbukwa, lakini zaidi ya hapo, ni ili yeye Frieren asije akawa peke yake huko mbele. Watu wa kawaida huacha sanamu kwa ajili ya jina lao. Huyu aliacha sura yake njiani kama mtu anayeacha taa sebuleni kwa atakayechelewa kurudi.

Katika kijiji kimoja sanamu imezongwa na majani, na Frieren anaisafisha kwa uchawi alioujifunza kwa kazi hiyo hasa, kung'arisha sanamu za shaba. Anataka kupanda maua pembeni yake, akakumbuka Himmel aliwahi kutaja ua fulani la bluu la kwao, akisema siku moja atamwonyesha. Watu wanasema ua hilo limetoweka miaka mingi. Analitafuta kwa miezi. Fern anachoka, anakasirika, haelewi kwa nini mtu apoteze msimu mzima kwa ua. Mwisho wanalikuta juu ya mnara uliobomoka, mahali ambapo panya walikuwa wakificha mbegu. Frieren anasimama katikati ya yale maua peke yake. Aliyeahidi kumwonyesha hayupo, na ameonyeshwa.

Uchawi anaoukusanya ni wa namna hiyo. Anaweza kuteketeza jeshi la mapepo, lakini atavuka milima kwa ajili ya kitabu cha kugeuza zabibu tamu ziwe chachu. Uchawi anaoupenda kuliko yote ni wa kuotesha shamba la maua, alioupata kwa mwalimu wake Flamme, aliyekufa miaka elfu iliyopita. Siku moja Frieren alimkuta mtoto amepotea msituni, akamwonyesha njia, na akamwoteshea maua. Mtoto yule alikuwa Himmel. Alipokua akamfuata na kumwomba waende pamoja, kwa sababu ya maua yale. Kwenye mtihani wa wachawi wa daraja la kwanza, Frieren anaulizwa ni uchawi gani anaupenda zaidi. Anataja huo. Mtahini, Serie, elfi mwenye nguvu za kutisha, anamfelisha. Fern anafaulu, na anapoambiwa achague uchawi wowote duniani kama zawadi, anachagua wa kutakatisha nguo. Nilifurahi mno. Aliyewahi kufua sare nyeupe kwa ndoo ya bweni anajua Fern alichagua kitu kikubwa.

Jambo dogo jingine: miaka katika hadithi hii inahesabiwa kwa kifo cha Himmel. Sehemu inaanza, maandishi yanatokea: miaka 28 tangu kifo cha shujaa Himmel. Sisi huhesabu siku tatu, huhesabu arobaini, tunaanua tanga, pengine tunakumbuka mwaka. Baada ya hapo mtu anayeendelea kuhesabu tunamwona hajapona. Anime hii inahesabu mpaka mwisho na haimwoni Frieren mgonjwa.

John Mbiti, msomi wa Kenya aliyefundisha Makerere, aliandika mwaka 1969 kwamba wahenga wetu waliugawa wakati sehemu mbili, naye akazitaja kwa maneno mawili ya Kiswahili: sasa na zamani. Aliyefariki anabaki katika sasa, mfu aliye hai, maadamu yupo anayemkumbuka kwa jina na sura. Siku wa mwisho aliyemjua anapokufa, ndipo marehemu anapozama katika zamani. Mbiti amebishiwa sana na wanafalsafa wengine kuhusu wakati wa Kiafrika, na wengine wana hoja. Lakini sijapata maneno yanayomfaa Himmel kuliko hayo. Kwa hesabu hiyo, Himmel ana sasa ndefu kuliko mfalme yeyote, kwa kuwa anayemkumbuka atakuwapo baada ya karne na karne.

Nilipofikia wazo hilo nilijiona nimeshika ufunguo. Kisha ikaja sehemu ya 16, ikaninyang'anya.

Humo yumo mbilikimo mzee sana, Voll, rafiki wa zamani wa Frieren. Amelinda kijiji kimoja karne kadhaa kwa sababu mke wake alikipenda. Mke alikufa zamani mno. Frieren anamwuliza kuhusu mke huyo, na mzee anasema ameshasahau: sura, sauti, jinsi alivyomtazama, vyote vimefutika. Na bado analinda kijiji. Hakuna muziki mkubwa wa kumliza mtu hapo. Anasema tu, kama mtu anayesema kisima kimekauka ila anaendelea kufagia njia ya kisimani.

Kwa hiyo umri mrefu nao haulindi. Sura inakwenda. Nikajaribu palepale kuisikia sauti ya Doto kichwani mwangu. Ikaja nusunusu, imechanganyika na ya mwingine wetu. Miaka mitano tu, na mimi si mbilikimo.

Lakini mzee yule anafanya jambo moja zaidi. Anamwuliza Frieren: huyo Himmel alikuwa mtu wa namna gani? Anataka kuibeba habari hiyo pia aende nayo mbele. Nikafikiri kwamba yuko mtu Muheza ambaye angeweza kuniuliza hivyo kuhusu Doto, na mimi ndiye nisiyekwenda kuulizwa. Nilikuwa nimetuma rambirambi kwa simu. Sikukuu mbili tatu nilituma hela kidogo. Kwenda sikwenda, kwa ile aibu.

Nilikwenda Julai, msimu wa machungwa, yakiwa yamepangwa mafungu kando ya barabara. Pale stendi nikamwuliza kijana wa bodaboda nyumbani kwa Mama Doto. Akafikiri kidogo. "Unamtafuta Mama Kulwa?" Nikasema ndiyo. Kwa hiyo miaka yote ile, kila jirani aliyemwita alikuwa akimtaja mtoto wa lile kaburi dogo, na Doto akikua anasikia.

Nilimkuta anachambua mchicha barazani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Karibu. Nani vile?"

Nikajitambulisha. Akaniangalia kitambo, akasema, wewe ndiye uliyekuwa na tranka la funguo nne. Sikujua kwamba habari hiyo ilifika huku. Akaniletea maji, akaniletea chai, akaendelea na mchicha wake. Kisha, bila kuniangalia, akaniuliza: "Hebu niambie. Alikuwaje huko shuleni?"

Nikasimulia. Hesabu, kukoroma, siku aliyompa mwenzetu viatu vyake afanyie mtihani akabaki pekupeku. Mengine niliyakumbuka hapohapo nikisema, sikujua kama ninayo. Alicheka mara mbili. Palikuwa na karai la machungwa karibu na mguu wangu, na kisu. Mkono ukaenda wenyewe. Nikaanza kwenye kikonyo, gumba likisukuma, ganda likashuka mpaka likagusa sakafu, halikukatika.

Mama Kulwa akaacha mchicha.

"Hiyo kakufundisha yeye."

"Ndiyo mama."

"Baba yao alikuwa akiwamenyea hivyo. Doto akichukua tunda. Kulwa hakutaka tunda, alitaka ganda, avae shingoni awe bibi harusi. Likikatika analia mpaka limenywe jingine."

Kulwa alikuwa msichana. Hilo nalo nilikuwa silijui.

Akaliokota lile ganda, akalikung'uta vumbi, akalizungusha kwenye kifundo cha mkono wake, akakaa nalo hivyo. Kisha akalisogeza karai karibu yangu.

"Menya jingine."